Michongoma ya Afande

Waya wa kwanza uliibwa mwezi mmoja baada ya Afande kustaafu. Wa pili uliibwa kabla haujashika kutu. Waliouchukua walifanya kazi safi: waling'oa misumari mmoja mmoja, wakaukunja waya kama mtu akunjavyo mkeka, wakaacha nguzo zimesimama zenyewe kama watu waliosahauliwa kwenye foleni. Kulipokucha, mbuzi wa jirani waliingia bila hodi na kumaliza tuta zima la bilinganya.

Mkewe alisimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Aliyatazama matuta, kisha akamtazama mumewe.

"Miaka thelathini na moja umelinda watu wasitoke," alisema. "Leo mbuzi wanne wasiingie, wamekushinda."

Afande alikuwa ameirudisha sare stoo, akasaini kitabu, akatoka kwenye lango la gereza na mfuko wenye kandambili na redio, lakini jina lilimfuata nyumbani. Muuza maziwa alimwita Afande, fundi baiskeli alimwita Afande, hata wajukuu waliokuja likizo walimwita Babu Afande. Mwanzoni lilimpendeza. Siku hizi liliposemwa alikuwa anageuka polepole, kama mtu anayeombwa kitu asichokuwa nacho.

"Panda michongoma," mkewe aliendelea. "Miba haiuzwi kwa kilo. Nyuma ya kituo cha mafuta kuna mtu anaotesha miche. Wote waliopanda ya kwake wametulia."

Basi Jumanne hiyo Afande alivaa kofia, akaenda.

Mahali penyewe palikuwa jalala zamani. Sasa palikuwa pamesawazishwa na kufunikwa kivuli cha magunia yaliyofumuliwa na kushonwa pamoja, na chini ya kivuli hicho viriba vyeusi vya plastiki vilipangwa mstari kwa mstari, kila kiriba na mche wake, majani madogo yanayong'aa na miba myembamba ambayo bado ilikuwa laini. Mwenye mali, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Miche, alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni. Alikuwa akiyafikicha matunda ya mchongoma yaliyoiva, ya manjano, akitoa mbegu na kuzisugua kwa mchanga mpaka ute wote utoke.

"Karibu, afande," alisema bila kuinua kichwa.

Watu wote walisema hivyo. Lakini huyu alilitamka lile neno kwa namna nyingine, kwa ufupi, huku mgongo ukijinyoosha kidogo wenyewe. Afande aliona alama ya kuungua shingoni mwake, kubwa kama jani.

"Tunafahamiana?" aliuliza, ingawa alikwisha jua.

"Wewe umepitiwa na watu wengi," alisema Bwana Miche akiosha mikono. "Mimi nimepitiwa na askari wachache. Kukumbuka ni rahisi kwangu." Akasimama, akatabasamu bila ubaya wowote. "Unataka miche mingapi?"

Afande alitaja urefu wa mpaka wake. Mwenzake alifumba macho, akapiga hesabu kwa vidole, kisha akaanza kueleza, na alipokuwa akieleza alikuwa mtu mwingine kabisa: mwalimu, tena mwalimu mwenye wivu na somo lake. Mistari miwili, siyo mmoja. Futi moja kati ya mche na mche, na mche wa mstari wa pili ukae mbele ya pengo la mstari wa kwanza. Samadi iliyooza, siyo mbichi. Na ikifika usawa wa goti, ikatwe.

"Ikatwe? Nipande halafu nikate?"

"Hapo ndipo watu wote wananikimbia. Mtu anauona mche umestawi, anauonea huruma, anauacha. Unamwendea juu kama mti, chini unabaki miguu mitupu, mbuzi anapita akiinama. Ukiukata ndiyo unatoa matawi huku chini. Miaka mitatu, afande. Usipokuwa na miaka mitatu, nenda kanunue waya."

"Waya nimeununua mara mbili."

Bwana Miche alicheka. "Basi nitakuja kupanda mwenyewe. Miche yangu simpi mtu akaiharibu."

Afande alirudi nyumbani akitembea upande wa jua, na njiani alisahau kununua sabuni aliyotumwa.

*

Ilikuwa miaka kumi na saba iliyopita. Bwana Miche alikuwa kijana wa miaka thelathini na kidogo, amefungwa mitano kwa kuvunja duka pamoja na wenzake wawili waliokimbia na kumwachia kesi. Gerezani hakuwa na makuu. Alipelekwa shambani, na huko bwana shamba, mzee mmoja mkali aliyependa miti kuliko watu, alimfundisha kuotesha michongoma ya kuzunguka bustani ya gereza. Kijana akaipenda kazi. Akaaminiwa, akafanywa nyapara wa vifaa: asubuhi anatoa majembe na mapanga, jioni anayahesabu na kuyarudisha. Kwa tabia yake njema alikuwa apunguziwe theluthi ya kifungo, atoke baada ya miaka mitatu na miezi minne. Tarehe ilikuwa imeandikwa.

Kisha panga moja likapotea.

Jioni hiyo mapanga yalihesabiwa kumi na moja badala ya kumi na mawili. Yakahesabiwa tena. Afande ndiye aliyekuwa askari wa zamu, na Afande ndiye aliyeandika ripoti: nyapara hawezi kueleza kifaa kilipo. Ofisini waliisoma ripoti wakaongeza yao, kwamba mfungwa anayeficha panga, hata aliyebakiza miezi miwili, lazima ana mpango wa kutoroka. Theluthi ikafutwa.

Wiki sita baadaye Afande alikuwa akikagua uzio wa michongoma peke yake, akaona mpini. Panga lilikuwa limechomekwa katikati ya matawi, usawa wa kifua, machipukizi mapya yakiwa yamelizunguka. Akalitazama, na mwili ukakumbuka kabla ya akili. Ni yeye. Alikuwa amelichukua kwa mfungwa mmoja ili akate fimbo iliyonyooka. Akaitwa ofisini ghafla. Akalichomeka pale kwa dakika mbili tu. Akasahau. Siku ya kuandika ripoti alikuwa amesahau kweli, hilo angeweza kuapa. Lakini siku ile mbele ya mpini hakuwa amesahau tena, na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya watakaopandishwa cheo, na askari anayepoteza kifaa hapandishwi popote.

Alichimba chini ya michongoma kwa kisigino na kipande cha mti, akalifukia. Mwezi uliofuata akapata cheo.

*

Alhamisi Bwana Miche alikuja na toroli, kamba, vigingi, jembe, sululu na mapanga mawili, na shati lililotiwa viraka kwa uzi wa rangi nyingine. Alipima mpaka wote kwa hatua, akaunyoosha kwa kamba, akaanza kuchimba. Afande alichimba naye. Hawakuzungumza sana. Mmoja alisema "hapo kuna jiwe," mwingine akasema "nimeliona." Kufikia adhuhuri jasho lilikuwa limewafanya wafanane.

Mke wa Afande alileta chai na viazi. Alikuwa mwanamke asiyeweza kukaa na mgeni bila kumchimba, na mgeni huyu alimpenda tangu alipomwona akiokota mawe na kuyapanga badala ya kuyatupia kwenye mboga zake.

"Fundi, ujuzi huu ulisomea wapi?"

Bwana Miche alipuliza chai yake. "Serikalini, shemeji. Nilisomeshwa bure, nikalishwa bure, na malazi nikapewa. Mzee hapa ni shahidi wangu."

Mke wa Afande alianza kucheka. Kisha akamwona mumewe ameinamia kikombe, kicheko kikakatika katikati.

"Oh," alisema. "Pole, kaka yangu. Samahani."

"Samahani ya nini? Niliiba, nikafungwa. Hata mimi ningejifunga." Alimega kiazi. "Ilikuwa iwe mitatu na kidogo, ikawa mitano kamili. Kuna panga lilinipotea."

Alisema bila uchungu, kama mtu anayetaja mwaka wa mvua mbaya. Afande alipaliwa na chai. Mkewe alimpiga mgongoni mara tatu na kumwambia anakunywa kama ng'ombe, na kikohozi kilipokwisha macho yalikuwa yamejaa maji, na hakuna aliyeshangaa kwa sababu amepaliwa.

Jioni Bwana Miche alipomaliza aliweka vifaa vyake kwenye toroli. Aliweka, akahesabu kwa midomo. Akavitoa vyote, akaviweka upya, akahesabu. Akapiga hatua mbili kuelekea barabarani, akasimama, akarudi, akahesabu mara ya tatu, safari hii akigusa kila kimoja kwa kidole. Ndipo akaenda.

Ijumaa alifanya vivyo hivyo.

Afande aliyaona yale mambo akiwa amekaa barazani. Siku zote alikuwa amejiambia habari ya panga kwa namna ya kuvumilika: mtu alikuwa mwizi, alifungwa kwa haki, aliongezewa muda kidogo, kila kazi ina makosa yake. Aliijua hadithi hiyo kwa moyo, kama ripoti. Lakini haikuwa na mahali pa kuweka kidole kile kinachogusa jembe, sululu, kamba, panga, panga. Chakula kikamshinda. Alipokuwa akinyoa ndevu alijikata, yeye aliyenyoa miaka yote bila kioo.

Jumamosi ilikuwa siku ya kumalizia. Kilibaki kipande cha mwisho upande wa barabara, miche ishirini hivi. Bwana Miche alikuwa amepiga magoti, akipasua viriba kwa kisu na kuiweka miche kwenye mtaro, akiikandamiza udongo kwa viganja. Afande alimsimamia.

"Kwa nini unahesabu mara tatu?"

"Nini?"

"Vifaa. Jioni."

Bwana Miche alikaa juu ya visigino. Aliwaza, kwa uaminifu, kama swali limeulizwa mara ya kwanza. "Sijiamini, afande. Lile panga mpaka leo sijui nililiweka wapi. Nimetembea na siku ile kichwani, kila hatua. Najiona nayatoa kumi na mawili. Najiona nayapokea. Pengine nilizembea. Pengine nilimpa mtu nikasahau. Mtu akishajua kwamba anaweza kupoteza panga zima asijue, hawezi kujiamini tena na kitu. Hata mke wangu aliondoka kwa ajili hiyo. Nilikuwa nafunga mlango, narudi, nafunga, narudi."

Afande alisikia lori likipita barabarani. Alingoja lipite.

"Hukulipoteza," alisema. "Nililichukua mimi."

Alisema yote akiwa wima, mikono ubavuni, kama anatoa taarifa mbele ya mkubwa, kwa sababu hakujua kusema jambo zito kwa namna nyingine. Fimbo. Kuitwa ofisini. Michongoma. Mpini. Shimo. Cheo. Kwamba alikuwa amesahau alilisema mwisho kabisa, likatoka dogo mno, akatamani asingelisema.

Bwana Miche alikuwa bado ameshika mche mkononi.

"Ulilipata lini?"

"Wiki mbili kabla ya tarehe yako."

"Kabla?"

"Kabla."

Alihesabu. Afande aliviona vidole vikihesabu miezi juu ya goti lenye udongo.

"Mama yangu alikuwa hai," Bwana Miche alisema. "Aliishi miezi mitano tena. Alikuwa anatembea hata."

Akauweka mche chini, taratibu, ubavuni mwa mtaro. Akasimama, akapangusa magoti, akatia vifaa kwenye toroli, akaisukuma akaenda. Hakuhesabu. Hakugeuka. Kisu chake kilibaki kwenye nyasi, na miche kumi na tisa ikabaki kwenye viriba vyake juani.

*

Afande aliipanda mwenyewe jioni hiyo, kwa sababu ingekufa. Hakuwa na kamba, ikaenda upande.

Alipoingia ndani alimweleza mkewe. Mkewe alimsikiliza huku akichambua maharage, na kwa muda mrefu mikono haikusimama. Kisha ikasimama.

"Kile cheo," alisema, "nilikishona mimi kwenye mkono wa shati lako. Nilikuwa na mimba ya mwisho. Nilishona nikiimba."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingeniacha niimbe."

Hakumtukana, wala hakumnunia. Ila kwa siku kadhaa alimtengea chakula kama anavyomtengea mgeni, sahani imefunikwa na kitambaa, na hilo lilimuumiza Afande kuliko kununiwa. Siku ya nne akamwambia, "Umekwisha mwambia. Sasa umemwachia mzigo mikononi, halafu umekaa. Nenda."

Akaenda, amebeba kile kisu kwenye gazeti. Bwana Miche alikipokea, akakiweka kwenye kopo, akasema, "Leo siuzi." Akaenda tena wiki iliyofuata. Kulikuwa na wanawake wawili wakichagua miche ya maparachichi na alikuwa akiwauzia vizuri tu, akitania. Alipomwona Afande utani uliisha. Afande alisimama kando ya viriba mpaka wanawake wakaondoka, akasema, "Sikuja kununua," na mwenzake akajibu, "Basi huna shida hapa." Hakwenda tena. Alimwandikia barua mkuu wa gereza, ukurasa mmoja na nusu, akaeleza jambo lote na kutia sahihi na namba yake ya zamani. Ilichukua miezi mitatu kujibiwa. Jibu lilikuwa mistari miwili: barua yako imepokelewa, na jalada husika limekwisha teketezwa kwa mujibu wa utaratibu.

Mvua zilinyesha. Michongoma ilishika. Afande aliipalilia, akaimwagilia siku za ukame kwa ndoo, akaiondolea mimea itambaayo iliyotaka kuisonga. Ilifika kwenye kifundo, ikapita, ikafika goti, majani yamekoza, kila mche umejinyoosha kwa afya kama mtoto anayepimwa urefu. Wakati wa kukata ulikuwa umefika na yeye alijua. Alinunua mkasi wa bustani. Kila asubuhi alitoka nao, akashika mche wa kwanza, akaachia. Hakujua akate wapi. Na ile kumi na tisa ya upande wa barabara, aliyoipanda kombo, ndiyo iliyostawi kuliko yote, na hiyo ndiyo aliyoiogopa zaidi.

Asubuhi moja, bado hajavaa viatu, alisikia mkasi. Kata, kimya, kata. Alitoka na kandambili. Bwana Miche alikuwa barabarani, ameinama upande wa nje, na vichwa vya miche vilikuwa vimelala miguuni pake mstari mrefu.

"Unaiharibu," alisema bila salamu. "Wiki tatu napita hapa naiona inakwenda juu. Nikasema leo atakata. Kesho atakata. Umeishikia mkasi kama mtoto mchanga."

"Sikujua nikate wapi."

"Juu ya jicho. Hapa, unaona? Palipovimba. Ukate mshazari maji yasikae." Akakata mmoja polepole ili aonekane. "Na huu mstari nani aliupanda? Umelewa."

"Mimi."

"Ndiyo, nimeona."

Walikata mpaka jua likawa kali, mmoja nje, mwingine ndani, miche midogo kati yao. Mke wa Afande alichungulia dirishani, akaona, akarudi jikoni na kuongeza maji kwenye sufuria.

Walipofika mwisho Bwana Miche alijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Sikuja kukusamehe," alisema. "Usije ukadhani. Nimejaribu kuangalia kama msamaha umo, sijaukuta."

"Sikuombi."

"Nitakuomba mimi. Nina dada. Mkubwa wangu, ndiye aliyebaki. Siku niliyokuwa nitoke alikuja getini na suruali mpya amenishonea. Akaambiwa huko huko kwamba ndugu yako ameficha panga, alitaka kutoroka. Akarudi na suruali yake, akamweleza mama. Mimi nikienda kwake sasa ananipikia, ananikaribisha, ananiuliza hali. Lakini nikiingia anauhamisha mkoba wake. Anauchukua kwenye kiti anaupeleka chumbani, anadhani sioni. Miaka kumi na saba ameliamini lile neno, afande. Nataka uje umwambie. Kwa mdomo wako. Mimi nikimwambia itakuwa maneno yangu."

"Lini?"

"Vaa viatu."

*

Dada alikuwa na kazi ya kufua na kupiga pasi. Uani kwake kamba zilikuwa zimejaa shuka za nyumba ya wageni, na ndani, kwenye chumba cha mbele, alikuwa amesimama nyuma ya meza iliyotandikwa blanketi, mwanamke mnene kiasi, miwani imeshuka puani, pasi ya mkaa ikifuka pembeni. Mkoba wa ngozi ulikuwa kwenye kiti. Alipomwona ndugu yake alimkaribisha kwa uchangamfu, akaushika mkoba, na Afande akaona macho ya Bwana Miche yakienda ukutani.

"Dada, nimekuja na mtu."

Afande alivua kofia. Safari hii hakusimama wima, hakuweza. Alishika ukingo wa meza na kueleza, na mara mbili ilimbidi aanze sentensi upya. Dada aliendelea kupiga pasi. Alimaliza kola, akageuza mkono wa shati, akaupiga, akageuza wa pili. Afande alipofika kwenye wiki mbili kabla ya tarehe, pasi ilisimama, na ikabaki imesimama mpaka harufu ikatoka ndipo akaiinua haraka. Shati lilikuwa na alama ya kahawia kifuani.

"Wewe," alisema, akimtazama juu ya miwani, "ndiye uliyekuwa getini."

"Ndiyo, mama."

"Ulinitolea kiti. Nakukumbuka. Ulisema, kaa, mama, pumzika, safari ndefu. Nikakushukuru. Nilipofika nyumbani nikasema, kule ndani kuna askari mmoja ana utu."

Afande aliuachia ukingo wa meza.

"Mama yetu aliuliza mara moja tu," dada aliendelea, na sasa hakuwa anamwambia Afande. "Alisema, mtoto wangu analitakia nini panga? Nikamwambia, la kukimbilia, mama, la nini tena. Hakuuliza tena mpaka anakufa. Ni mimi niliyemwambia. Sikusema labda. Sikusema tumuulize mwenyewe kwanza. Nilimwambia kama niliyeona."

"Ulikuwa umeambiwa, dada," alisema Bwana Miche.

"Wewe uliniambia hukufanya. Uliniandikia. Barua mbili."

"Tatu."

"Ya tatu sikuifungua."

Mkaa ulilia ndani ya pasi. Dada alivua miwani. Uso wake bila miwani ulifanana sana na wa ndugu yake, na ulikuwa umeanza kuvurugika, lakini alikuwa bado na jambo moja la kufanya kabla haujavurugika wote. Alimgeukia Afande.

"Na wewe nina maneno nawe. Mengi. Lakini siyo sasa, siwezi kugawanyika mara mbili. Toka nje. Usiondoke, toka tu."

Afande alitoka. Alikaa kwenye ngazi, kofia juu ya magoti, shuka zikipepea mbele yake. Nyuma ya mlango alisikia sauti ya dada ikipanda, ikikatika, kisha sauti ya mwanamume mzima anayelia kwa namna ya mtu asiyejua kulia, kwa vishindo, na sauti nyingine ikisema mdogo wangu, mdogo wangu, mdogo wangu. Hakuona raha. Alikuwa amewahi kudhani kwamba siku akisema ukweli kifua kitakuwa chepesi. Hakikuwa chepesi. Kilikuwa na nafasi tu, kama chumba ambacho vyombo vimehamishwa na vumbi limebaki.

Alikaa pale karibu saa nzima. Msichana wa kazi wa nyumba ya wageni alikuja kuulizia shuka, Afande akamwambia arudi baadaye, mwenyewe ana mgeni.

"Na wewe ni nani?" aliuliza yule msichana.

Afande alifikiri. "Mimi nimeambiwa nisiondoke," alisema.

Mlango ulipofunguka alikuwa dada, macho mekundu, amejifunga khanga upya kiunoni kama mtu anayejiandaa kwa kazi. Afande alisimama kuyapokea yale maneno mengi. Yalikuja, na hakuna hata moja alilolipunguza. Alimwambia kuhusu ile suruali, jinsi alivyoikata na kuifanya vitambaa vya kufutia vumbi. Alimwambia kuhusu mazishi ambayo mtoto wa marehemu hakuwapo, na majirani walivyouliza. Alimwambia kwamba hakuwa na uhakika kama angependa kumwona tena, na kwamba akimwona labda atamsalimia, labda hatamsalimia, asishangae. Afande alisema ndiyo, mama, kwa kila jambo, na mwisho hakukuwa na la kusema ndiyo.

Kisha dada aliangalia jua, akaangalia kamba.

"Shuka zimekauka," alisema. "Nimepoteza asubuhi nzima na saa nane wanazitaka. Mikono yenu ni safi?"

Bwana Miche alikuwa ametokea nyuma yake mlangoni. Aliitazama mikono yake, yenye mikwaruzo ya miba na rangi ya majani. Afande naye akaitazama ya kwake.

"Kanaweni," alisema dada. "Sabuni iko pale kwenye karai."

Wakanawa kwenye karai moja, zamu kwa zamu, wakaanua shuka. Mbili za kwanza Afande alizikunja vibaya, na dada alimnyang'anya akamwonyesha: pembe kwa pembe, mtu mmoja huku, mtu mmoja kule, mnavuta kidogo, mnakutana katikati. Wanaume wawili walizikunja zile shuka ishirini na nne bila kusema lolote zaidi ya "vuta" na "haya," wakisogeleana na kuachana, mpaka kamba zikabaki tupu na ua ukaonekana ulivyo mkubwa.